Mkia Hajapita

Mimi si mtu wa kungoja. Mamangu husema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono, na tangu siku hiyo sijatulia. Nikiwekwa kwenye foleni nahisi kuwashwa mwili mzima. Mteja akiniambia, "Fundi, naja sasa hivi," asije, atakuta nishafunga duka na nguo yake nimeitundika mlangoni kwa nje, aichukue mwenyewe akitaka. Nayasema haya mapema ili nikifika pale niliposimama kwenye mvua, njia panda, kwa muda wa saa nne bila kuondoka, ujue ni maajabu gani nakusimulia.

Nina duka la kushona Mjambere, na nina pikipiki. Pikipiki niliinunua ya kupelekea sare za shule, maana kungoja gari ni kungoja vilevile. Ni nyekundu, ya mkono wa pili, na kelele zake ni kubwa kuliko umbo lake. Mwaka wa kwanza niliiendesha kwa kazi tu. Mwaka wa pili nikajikuta naiwasha hata nikiwa sina pa kwenda. Ndipo siku moja akaja mtu mmoja wa bara, wakala wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu, mkaazi wa Changamwe, akanibwagia mezani vizibao vya ngozi rundo zima, nivishonee nembo mgongoni. Nikamuuliza vya nani. Akasema vya klabu yao ya pikipiki, yeye ndiye mwenyekiti. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye msafara wao naelekea Mazeras, nacheka peke yangu ndani ya helmeti kama aliyepagawa.

Nembo yenyewe ni kaa. Kaa mwekundu, magando juu, macho yametoka. Waliichagua kabla sijaja, na sidhani aliyeichagua alifanya makusudi, lakini amri kubwa kuliko zote kwenye klabu ile ni hiyohiyo: kaa.

Ni hivi. Tukisafiri, mwenyekiti huongoza. Akifika njia panda humnyooshea kidole aliye nyuma yake, humwambia, "Kaa," na huyo husimama pale kama kibao cha barabarani, awaelekeze wote wanaofuata. Haruhusiwi kuondoka mpaka apite mtu wa mwisho, ambaye sisi twamwita mkia. Mkia huvaa kizibao cha manjano juu ya nguo zake, ili asichanganywe na mtu mwingine yeyote. Manjano ikishapita, wewe wawasha, wamfuata, wampita, safari yaendelea. Hakuna ramani, hakuna kupigiana simu kila dakika. Kazi yote ni ya yule aliyeambiwa akae.

Basi mimi nikaambiwa nikae, safari ya kwenda kwenye sherehe Kaloleni, mwezi wa pili tangu nijiunge. Nilingoja dakika ishirini. Dakika ishirini juani, mbele ya kibanda kilichofungwa, hata wa kuzungumza naye sina. Nikajiambia hawa wameshashika njia nyingine, nikawasha nikaondoka. Kumbe hawajapita. Wenzangu sita pamoja na mkia wakafika pale wakakuta pako tupu, wakapinda kulia badala ya kushoto, wakaenda mpaka kwenye boma moja lenye turubai na viti na masufuria mekoni. Wakadhani ndipo. Wakakaribishwa vizuri, wakapewa viti, wakala wakashiba. Walikuwa wameingia matangani. Mmoja wao alimuuliza mjane muziki utaanza saa ngapi.

Leo naicheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alinichukua kando akanisema kwa ule upole wake wa kibara unaouma kuliko matusi. "Fundi, sisi tunakupenda sana," akasema. "Lakini ukiwacha njia panda mara ingine, hiyo nembo utaendelea tu kushonea watu."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nembo ya kwangu ilikuwa tayari. Nilishaitarizi, iko kwenye droo ya cherehani, imekunjwa ndani ya karatasi, na kizibao changu kitupu mgongoni kimetundikwa ukutani kinanitazama nikifanya kazi. Lakini klabu ina mwiko wake: hakuna anayejishonea nembo. Mwanachama mpya lazima ashonewe na mwenzake, uwanjani, watu wote wakiona, siku ya tamasha. Wenzangu wa zamani niliwashonea mimi, dukani, kabla mwiko huo haujawekwa. Mimi sina wa kunishonea, na hata angekuwepo, sikuwa nimestahili. Miezi minane nilikuwa nikifungua droo ile kutafuta bobini, na kaa yule namfunua, namtazama, namkunja tena.

Mkia wetu ni mzee wa Likoni aliyestaafu bandarini. Alikuwa dereva wa kreni karibu umri wake wote. Ana maneno machache na Kiswahili cha Mvita cha wazee, na mikono mikubwa kama sinia. Mimi namwita baba, yeye huniita mwanangu, na akitaka kunitania huniita fundi. Safari ya matanga ile alikuwemo, na hakunilaumu hata siku moja. Alichosema ni kwamba pilau yao ilikuwa nzuri.

Wiki moja kabla ya tamasha, kizibao chake cha manjano kilinaswa na waya kikachanika vipande viwili. Nikamshonea kingine haraka. Kitambaa nilikipata Kongowea, manjano ya kukata macho, nikajisifu kwamba hata kipofu atakiona. Tatizo, nilipokiosha kipande kidogo kujaribu, maji yalitoka kama mchuzi wa samaki.

Nikamwambia mzee, "Baba, hiki kitambaa kinachuja. Kisiingie maji hata kidogo. Baada ya tamasha nitakushonea kingine."

Akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja kama nguo ya Idi. "Wallahi hakitaingia hata tone, mwanangu."

Mzee yule akishasema wallahi, imekwisha.

Tamasha lilikuwa upande wa kusini, kwenye uwanja wa wazi unaoingiwa kwa barabara ya udongo, mbele ya Shika Adabu. Jina la mahali peke yake lilitosha kunionya. Tulikutana Changamwe Jumamosi asubuhi saa moja, kwenye kituo cha mafuta. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa, la rangi ya chuma, na hakuna aliyelijali. Sijui nikueleze vipi raha ya kusimama katikati ya pikipiki zaidi ya ishirini zikiwashwa kwa pamoja. Huisikii kwa masikio, waisikia kifuani na kwenye meno. Wengine walitaka tupitie Dongo Kundu, barabara isiyo na feri, tufike haraka, na kwa tabia yangu ningekuwa wa kwanza kukubali. Mwenyekiti akakataa. Klabu ya Mombasa isiyovuka feri, akasema, hiyo ni klabu gani.

Tukateremka Makupa kwa safu mbili, taa zimewaka, watu kwenye vituo wanatupungia, madereva wa malori wanatupigia honi. Mimi nilikuwa wa pili, nyuma ya mwenyekiti. Aliniweka pale mwenyewe, na nilijua maana yake. Anayefuata nyuma yake ndiye anayeambiwa akae.

Kwenye feri ndipo msafara ulipokatika. Kundi letu la kwanza lilipanda, mlango ukafungwa, wenzetu wakabaki upande wa kisiwani kungoja nyingine pamoja na mkia. Katikati ya maji mvua ikaanza, matone mazito ya Mei. Mwenyekiti akafungua sanduku lake la nyuma lisiloingia maji akasema tutie simu zetu zote humo. Tukatia. Jambo la busara kabisa, tena lililokaribia kuniua.

Likoni tulitoka mvua imeshika kweli. Maji yanakimbia kando ya lami, watu wamejibanza vibandani, na sisi tunapita tukipiga mayowe kama watoto wanaooga mvua. Nilikuwa nimelowa mpaka soksi na sijapata kufurahi hivyo. Tulipopita Shika Adabu, penye barabara ya udongo inayoingia uwanjani, tukakuta kibao cha tamasha kimeangushwa na upepo, kimelala mtaroni kifudifudi. Mwenyekiti akapunguza mwendo. Akageuka. Kidole kile hapo.

"Kaa."

Nikakaa. Saa yangu ilionyesha saa nne kasorobo.

Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja wa viazi karai, amejikinga chini ya turubai na karai lake la mafuta. "Njoo ujikinge, mwanangu," akaniita. Nikamwambia siwezi, lazima nionekane. Akanitazama juu mpaka chini, buti, suruali, ushungi ulionata kichwani chini ya helmeti. "Waonekana," akasema, na akanichagulia viazi vitano vya moto.

Baada ya nusu saa nikasikia ngurumo. Ni wao, kundi la pili, wanakuja kwenye mvua taa moja baada ya nyingine. Nikaruka katikati ya barabara, nikanyoosha mkono kushoto kama askari wa trafiki. Wakapinda mmoja mmoja, wananipigia resi, injini zinanguruma, mmoja akanirushia matope mpaka kifuani kwa mapenzi. Nilikuwa nawahesabu kwa vidole. Alipopita wa kumi, nikajua sasa wote wameingia isipokuwa mmoja tu, mkia. Alikuwa apitie kwake Likoni kuchukua sufuria kubwa la pilau alilotuazima mkewe. Nikajiambia, dakika kumi.

Zikapita kumi. Wakapita watu wa samaki, wakapita bodaboda, wakapita mabasi ya Ukunda yakitumwagia maji. Bodaboda mmoja mzee, amevaa koti refu jeusi la mvua, amefunga mzigo mkubwa nyuma uliozungushiwa nailoni, alipunguza mwendo mbele yangu akaniinulia mkono. Nikamwashiria apite, asinizibie barabara. Akaitikia kwa kichwa, akapinda kushoto, akazama kwenye mvua.

"Huyu naye ananisalimia kama ananijua," nikamwambia mama wa viazi.

"Labda umempendeza," akasema.

Saa tano. Saa tano na nusu. Hapo sasa mwili ukaanza kuniwasha. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa uwanja, na ukivuma naisikia sauti ya kipaza sauti, sijui asema nini, na nyuma yake mamia ya pikipiki zikipiga resi. Ilikuwa kama kusikia harusi ya nyumba ya pili na wewe umefungiwa ndani. Na nilijua wanakaribia nini. Wanakaribia mbio za kobe.

Mbio za kobe ni mchezo ninaoupenda kuliko yote. Wapewa mstari mwembamba, na anayefika mwisho ndiye mshindi. Ukigusa chini kwa mguu, umetoka. Ni klachi na breki na pumzi tu. Mtu wa haraka kama mimi hawezi kuucheza, watu wote waliniambia hivyo, na kwa sababu waliniambia, nilikuwa nimejifunza kwa miezi kwenye kiwanja cha shule Mjambere, kila Ijumaa jioni, watoto wakinicheka. Nilikuwa nimefika mahali naweza kuisimamisha pikipiki wima, karibu isiende. Niliutaka ushindi ule. Sikuutaka kidogo.

Ikapita klabu nyingine, watu wa Kilifi, wakasimama. "Dada, twende. Kobe anaanza," mmoja akasema.

"Mkia hajapita," nikamjibu.

"Mkia wa nini?"

Nikamwambia aende zake. Wakaenda. Nikatia ufunguo nikawasha. Nasema kweli, niliwasha, nikaweka gia, klachi mkononi, na nikaiona njia yote mbele yangu mpaka langoni. Nikajiambia mzee ameshaharibikiwa huko Likoni, au amerudi kwake, mtu mzima kwenye mvua hii, atakuja vipi. Halafu nikamwona akija pale na sufuria lake, anafika njia panda tupu, hakuna kibao, hakuna mtu, anaangalia huku, anaangalia huku. Mzee ambaye hakunilaumu. Nikazima. Hasira zilinijaa, nikazielekeza kwa mwenyekiti, kwa mvua, kwa mzee, na kwa mke wa mzee na sufuria lake.

Adhana ya adhuhuri ilipolia nilipata shughuli mpya. Nikamwomba mama wa viazi anitazamie barabara. "Ukiona manjano, nikatishe sala," nikamwambia. Nikasali juu ya gunia lake chini ya turubai, sala yenye maji, na niliposalimu tu nikageuka. "Amepita?"

"Wallahi hakuna manjano aliyepita."

Akanipa simu yake nimpigie mtu. Nikaishika simu nikagundua balaa. Siku hizi nani ajua nambari ya mtu kwa kichwa? Zangu zote ziko kwenye sanduku la mwenyekiti. Nambari niliyoijua ni moja tu, ya mamangu aliyeko Utange. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi, mbona mvua yalia hivyo?"

"Niko njia panda. Nimewekwa nikae mpaka mtu apite. Hajapita tangu saa nne."

"Wewe umekaa mahali pamoja tangu saa nne?"

"Ndiyo, mama."

"Mpe simu mwenye simu."

Nikampa. Mama wa viazi akasikiliza, akasema, "Naam... mwembamba... ndiyo, ana kidoa shavuni... yupo, wallahi, amesimama." Akanirudishia. Mamangu akasema, "Haya. Nilitaka kujua kama ni wewe. Sasa nisikize. Umekaa saa zote hizi, ukiondoka sasa umepata hasara mbili. Kaa."

Hata mamangu. Nikacheka mpaka mama wa viazi akacheka na mimi, na kuanzia hapo, sijui kwa nini, hasira zilinitoka. Nikabaki na kitu kingine, furaha ya kijinga kabisa. Mvua inanipiga, mbio za kobe zimeshanipita, nina njaa, na mimi nipo. Nilimuuzia yule mama viazi vyake. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo niliielekeza uwanjani, za klabu yetu na zisizo zetu, na wengine nikawalazimisha wanunue kwanza. Nilijua kila shimo la njia panda ile. Nilimjua mbwa wa pale na saa anazovuka.

Karibu saa nane nikasikia ngurumo ikitoka upande usio wake, upande wa uwanjani. Pikipiki zikatokea kwenye matope zimejipanga mstari. Mbele kabisa ni yule bodaboda mzee wa koti jeusi. Nyuma yake mwenyekiti. Nyuma yao klabu nzima.

Yule wa koti akasimama mbele yangu, akavua helmeti. Alikuwa mkia.

"Mwanangu," akasema. "Bado wangoja nini hapa?"

Nikamtazama. Nikaitazama pikipiki yake, ambayo ni ya aina ileile ya bodaboda zote za pwani. Nikamkumbuka yule mzee na mzigo wake wa nailoni, yaani sufuria, na mkono alioniinulia. "Mkia hajapita," nikasema.

"Nilipita. Ukanipungia mkono kabisa. Nami nilidhani wanifuata, sufuria limenizibia vioo vyote, sikuona nyuma. Uwanjani nilijua uko kwenye michezo. Mpaka walipoita watu wa nembo, ndipo nikauliza, fundi yuko wapi?"

"Sikuona manjano, baba."

"Manjano hii hapa." Akafungua vifungo viwili vya koti, nikakiona kizibao changu ndani, kikavu, kimekunjamana kidogo tu shingoni. "Si wewe ulonambia kisiingie maji?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na mwingine, na mama wa viazi akakaa chini kabisa kwa kucheka. Ni mimi. Ni mdomo wangu mwenyewe ulionisimamisha pale saa nne. Nilitamani kulia na kucheka na kumpiga mtu, yote kwa mara moja.

Mwenyekiti alikuwa hacheki. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu. "Fundi, pole," akasema. "Pole sana. Panda twende, watu wanangojea."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sheria ni manjano. Mimi niliambiwa nikae mpaka manjano ipite. Haijapita."

Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa na mkaidi kama punda, na nilikuwa nasema kweli. Nilishaondoka njia panda moja bila kuiona manjano. Sikuwa tayari kuondoka mbili, hata kama ni mzaha, hata kama mkia mwenyewe amesimama mbele yangu. Mwenyekiti akageuza pikipiki.

"Rudini nyuma wote," akawaambia. "Mpaka Shika Adabu. Tunapita upya."

Wakarudi wote, lami nzima ikajaa taa nyekundu. Mama wa viazi akasimama kando yangu, amenishika mkono wa koti. Na wakaja. Mwenyekiti mbele, akanifikia, akapunguza mwendo, akaninyooshea kidole kwa heshima kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Nikawanyooshea mkono wa kushoto, mmoja mmoja, na kila mmoja aliinua wake. Resi zile nilizisikia tumboni. Na nyuma yao wote, peke yake, polepole kuliko kobe, mzee wangu. Koti amelivua. Lipo mapajani. Mvua inamwagika juu ya kizibao na kizibao kinamwagika juu yake, manjano inatiririka kwenye suruali, kwenye tangi, kwenye matairi, inaacha mstari barabarani. Alipita bila kunitazama, macho mbele, kama gwaride.

Nikawasha, nikamfuata, nikampita.

Tuliingia uwanjani matope yakiwa mpaka vifundoni, watu mamia kwa mamia chini ya mvua, moshi wa nyama, pikipiki za kila namna, na mshereheshaji wa kwenye kipaza sauti alishaambiwa habari. Akatangaza kwamba kombe la mbio za kobe limeshachukuliwa na mtu wa Kilifi, lakini kwamba klabu ya kaa inamleta mshiriki aliyefika mwisho kuliko wote, kwa tofauti ya saa tatu, bila kugusa chini. Uwanja ulilipuka. Nilisimama juu ya vikanyagio nikawapungia mikono yote miwili, na nikakaribia kuanguka.

Nembo yangu ilishonwa chini ya hema la pilau. Sindano na uzi vilikuwa vyangu, maana mimi siendi popote bila sindano, na kaa nilikuwa nimemchukua kwenye mfuko wa ndani wa kizibao changu, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, kwa tamaa tu. Mwenyekiti akauliza nani atashona. Mzee akainua mkono. Mikono ile ya kreni. Sindano ilipotea ndani yake. Alishona kwa nguvu, kama anayefunga gunia, pua karibu na ngozi ya kizibao, na mimi niliyekaa mbele yake naona kaa wangu anaanza kulalia upande, mshono mmoja mrefu mmoja mfupi, gando la kushoto linapanda juu. Vidole vyangu vilikuwa vinaniwasha kuliko pale njia panda. Nikanyoosha mkono nimnyooshee kidogo tu.

"Kaa," akasema mzee, bila kuinua kichwa.

Nikakaa.

Sasa kizibao kile kimetundikwa dukani, mbele ya wateja. Kaa amelala ubavu, na kando yake kuna alama ya dole gumba la mzee, ya manjano, isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Kila mteja mpya huuliza fundi mzima avaa vipi mshono kama ule. Huwa namwambia nimefumua nguo za watu tangu niko msichana, mashati, mabaibui, hata shela ya bibi harusi asubuhi ya harusi yake. Huo siufumui.